Mbudya na Watoto: Hesabu ya Maji, Jua na Njaa

Ukisimama ufukweni Kunduchi, kisiwa cha Mbudya unakiona wazi, na boti ya injini inafika huko kwa dakika 15 hadi 20. Ukaribu huo unawaponza wazazi wengi wa Dar es Salaam. Wanatoka nyumbani Jumapili saa 5, wanafika kisiwani saa 7 jua likiwa utosini, watoto wamevaa ndala, chupa moja ya maji kwa watoto wawili. Saa 9 mmoja analia kiu, mwingine mgongo umeungua, samaki waliyeagiza hajatoka jikoni, na maji yamepwa hadi mawe yametokeza pale walipokuwa wanaoga. Kisiwa ni kizuri, kilichokosewa ni siku na saa.

Maelezo haya ni kwa familia yenye watoto wa miaka 3 hadi 12. Yanafaa pia kwa Bongoyo, ambako boti zake huondokea Msasani, pale Slipway, na safari huchukua kama nusu saa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, Mbudya ndiyo nafuu kwa sababu safari ya majini ni fupi.

Tazama mwezi kabla ya kutazama kalenda ya kazi

Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika kidogo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na hujaa kabisa mnamo saa 10 jioni, na kati ya kupwa na kujaa kunaweza kuwa na mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji hujaa mnamo saa 4 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa kama mita 1 tu.

Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani inatosha kuanzia hesabu. Kwa watoto wasiojua kuogelea, chagua tarehe 7 hadi 9 au 22 hadi 24 za mwezi mwandamo. Mkifika saa 3 na nusu asubuhi maji yako karibu kujaa, boti inasogea hadi mchangani, na hata yakipwa mchana hayaendi mbali. Ukienda tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17, asubuhi hiyohiyo mtashushwa mbali na ufuko, mtembee juu ya mawe na majani ya baharini, mizigo kichwani na mtoto mkononi. Jioni maji yakirudi, ule mchanga mpana mlioutandikia mkeka unabaki ukanda mwembamba. Ukishapata tarehe, hakikisha saa kamili kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam, ambalo hupatikana hata kwenye simu, au muulize nahodha. Atakujibu bila kutazama popote.

Majira nayo yana neno. Kusi kinapovuma, Mei hadi Septemba, hewa ni nzuri lakini mkondo kati ya Kunduchi na kisiwa huchafuka mchana, na mtoto mwenye kichefuchefu hatasahau. Kaskazi, Desemba hadi Machi, asubuhi bahari mara nyingi imetulia ila joto ni kali. Miezi rahisi zaidi ni mwisho wa Septemba na Oktoba, pamoja na asubuhi za Januari na Februari. Wakati wa masika mito hushusha tope na taka za jiji baharini. Baada ya mvua kubwa wape watoto mapumziko ya siku 2 au 3 kabla ya kuoga karibu na midomo ya mito. Jioni ya kuamkia safari, sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ahirisha. Watoto watanuna, na mwisho wa maelezo haya kuna pa kuwapeleka.

Boti, na namna ya kupima jaketi

Boti za Mbudya huondokea kwenye fukwe za Kunduchi na Mbezi Beach. Kabla ya kulipa, ulizia mambo matatu kwa pamoja: bei ni ya kwenda na kurudi? Ada ya hifadhi imo ndani au inalipwa peke yake? Na boti ya kuturudisha ni saa ngapi? Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na kila anayeingia hulipia. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Chukua na namba ya simu ya nahodha mwenyewe, kwa sababu aliyewapokea ufukweni mara nyingi ni dalali tu.

Kisha tazama majaketi okozi. Usihesabu tu kama yanatosha; soma kilo zilizoandikwa ndani ya kila moja. Mtoto wa kilo 15 akivalishwa jaketi la mtu mzima, akitumbukia jaketi linapanda juu na yeye anabaki chini yake. Mpime hivi:

1. Mvue nguo nene na begi. Jaketi likae juu ya fulana tu.
2. Funga zipu na vifungo vyote, pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kwa mtoto mdogo mkanda huo ndio unaolizuia jaketi lisipande.
3. Mwambie anyooshe mikono juu, kisha shika jaketi mabegani ulivute kwenda juu kwa nguvu. Likifika masikioni au kidevu kikazama ndani, ni kubwa. Omba dogo.
4. Vuta mkanda wa kiunoni. Vidole vyako viwili vipite, ngumi isipite.

Kama hakuna jaketi la kilo za mwanao, usipande boti hiyo. Anayekwenda baharini mara kwa mara na watoto bora awe na majaketi yake mwenyewe.

Jambo moja hufanywa na akina mama kwa mapenzi mema, nalo ni la hatari: kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga ndani ya boti. Mtu aliyevaa jaketi akianguka majini hugeuzwa chali ili apumue, na mtoto aliye mgongoni anakuwa chini ya maji. Mbebe mbele, mapajani, kanga isiwe imefungwa fundo. Mtoto ambaye hakuna jaketi la kilo zake bado hajafikia umri wa safari ya kisiwani.

Ndani ya boti watoto wakae chini katikati, mbali na injini, mikono isining'inie nje ya ukingo. Wakati wa kushuka mtu mzima mmoja atangulie majini, apokee mtoto mmojammoja kwa ubavuni, na injini iwe imezimwa kabisa. Kupita nyuma ya boti ni mwiko hata kama maji ni ya magotini, maana pangaboi la injini halionekani maji yakiwa na mchanga.

Ndoo yenye mfuniko

Kifaa kimoja kinachookoa siku nzima ni ndoo ya plastiki ya lita 10 yenye mfuniko unaobana. Asubuhi inabeba taulo, fulana za kubadili na simu, na maji yakirukia botini hayaingii. Kisiwani inageuka kiti, inachota maji ya kuchezea mchanga, inanawishia miguu. Kurudi inabeba nguo zilizolowa, au taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na begi la kitambaa lenye nguo mbichi huchuruzika ndani ya gari hadi nyumbani. Pampasi iliyotumika pia haina pa kutupwa kisiwani, kwa hiyo nayo irudi ndani ya ndoo.

Maji ya kunywa ndiyo hesabu inayokosewa kuliko zote. Mbudya haina maji baridi ya kisima wala bomba, na soda zinazouzwa pale haziondoi kiu ya mtoto aliyechezea chumvi. Kwa wazazi wawili na watoto wawili, beba lita 8 za kunywa: lita 1 na nusu kwa kila mtoto, 2 na nusu kwa kila mkubwa. Ongeza lita 3 za kusuuzia macho na miguu. Chupa nne za nusu lita zijaze robo tatu tu na uzigandishe usiku. Ukizijaza hadi mdomoni barafu inavimba na kupasua chupa. Zipange kwenye deli juu ya chakula, kwa kuwa baridi hushuka. Saa 6 zitakuwa zimeyeyuka nusu, tayari kunywewa.

Weka pia pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini. Mtoto aliyetapika botini na kukaa juani hupungukiwa maji haraka. Pakiti moja ni kwa lita 1 kamili, wala usigawe nusu pakiti kwa kukisia. Usipokuwa na pakiti, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, hufanya kazi hiyo. Chumvi ikizidi inamdhuru, kwa hiyo pima kwa kijiko, usikadirie kwa mkono.

Viatu viwe vya kufunga: yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, au raba kuukuu. Ndala huchomoka mguuni kwenye tope la mchanga, na mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chaza hukata kama wembe.

Nguo za kuogelea zisiwe za bluu, kijani wala nyeupe. Chovya fulana ya bluu kwenye maji ya usawa wa kifua na urudi hatua tano, utaona inavyopotea. Rangi ya chungwa, nyekundu au waridi kali huonekana hata maji yakivurugika.

Jua

Ngozi nyeusi huungua, ila haionyeshi wekundu mapema. Utajua usiku mtoto anapokataa kulalia mgongo. Fulana ya mikono mirefu inayokauka upesi ni bora kuliko mafuta yoyote. Sehemu zilizobaki zipake mafuta ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, dakika 20 kabla ya kutoka, na urudie kila baada ya saa 2 na kila anapotoka majini na kujifuta. Watu hupaka kidogo mno. Mkubwa anahitaji vijiko 7 vya chai kwa mwili mzima: kimoja uso na shingo, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja kifuani na tumboni, kimoja mgongoni. Mtoto wa miaka 6 ni kama nusu ya hapo. Juu ya masikio na nyuma ya magoti ndiko kunakosahaulika. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapakwi, anakaa kivulini.

Mwenye mtoto mwenye ualbino apange tofauti kabisa. Safari ya kisiwani ya kutwa nzima ina mwanga unaotoka juu, majini na mchangani kwa pamoja, na kibanda cha makuti hakizuii huo wa chini. Ufuko wa karibu na nyumbani kuanzia saa 10 na nusu jioni unampa mchezo uleule kwa hatari ndogo zaidi, akiwa na kofia pana, mikono mirefu na miwani. Mafuta ya Kilisun, yaliyoanzia hospitali ya KCMC, Moshi, yalibuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe.

Mkishatia mguu kisiwani

Kitu cha kwanza ni kuagiza chakula, hata kabla ya kuchagua kibanda. Samaki anatolewa, anaparwa, anasubiri jiko la mkaa lililo na foleni ya wengine. Saa 1 na nusu ni kawaida. Agiza saa 4 ili mle saa 6. Patana bei ya samaki ukiwa umemshika, na umtazame jicho: liwe angavu na limetuna, mashavu yawe mekundu ndani. Kwa watoto chukua nguru au kolekole, nyama yake huachana na mfupa vipandevipande. Tasi ni mtamu lakini miiba yake midogo haifai kwa mtoto wa miaka 4. Mwiba ukimkwama kooni, usimmezeshe tonge la ugali ili ushuke. Linaweza kuuzamisha zaidi. Mnyweshe maji kidogo, na usipotoka mpeleke hospitali.

Wakati mnasubiri, watoto wale vya nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi, machungwa. Wali wa nazi na chochote chenye mayonezi viacheni nyumbani. Kwenye joto la Dar chakula cha namna hiyo kikikaa nje ya baridi zaidi ya saa 1 si cha kumpa mtoto.

Kibanda kichague kwa mahali kinapoangalia, maana lazima uone maji yote ukiwa umeketi. Wekeni mpaka unaoonekana, kwa mfano "kutoka mvinje ule hadi boti ile nyekundu", na mwambie kila mtoto arudie kwa mdomo wake. Andika namba yako ya simu mkononi mwa mtoto kwa kalamu ya wino usiofutika, namba tu, jina lake usiandike.

Sasa la maji yenyewe. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anasimama wima, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inakandamiza maji pembeni, na ndani ya dakika moja anaweza kupotea mbele ya watu wazima sita wanaopiga soga. Ndiyo maana "tunawaangalia wote" ni sawa na kusema hakuna anayewaangalia. Wekeni zamu: mtu mmoja, dakika 20, bila simu, amevaa kofia fulani ambayo wote mnaijua. Zamu ikiisha anaivua na kumvisha anayefuata, na kumwambia kwa sauti, "Wako watatu, ni wako sasa." Aliye chini ya miaka 5 awe na mkubwa wake wa kumfikia kwa mkono muda wote, hata akiwa maji ya magotini.

Maboya ya kupuliza, yale ya bata na ya duara, msiende nayo. Upepo wa kusi au kaskazi unatoka bahari kuu, unapita juu ya kisiwa na kushuka upande unaoelekea bara, ambako ndiko watu wanaoga. Kwa hiyo unalisukuma boya kutoka ufukweni kwenda mkondoni. Mtoto analishikilia, au anaogelea kulifuata, na yote mawili ni mabaya. Boya likichukuliwa na upepo liacheni liende.

Wanaouma majini ni wachache na tiba yao inajulikana. Konyeza, yule mnyama laini kama jeli mwenye nyuzi, akimchoma mtoto, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zilizobaki kwa kijiti au kadi, na usisugue kwa mchanga wala kumwagia maji ya chupa, kwa sababu maji yasiyo na chumvi hufyatua sumu iliyobaki. Mwiba wa samaki taa, au wa yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, unatulizwa na joto: omba maji ya moto jikoni, changanya hadi mkono wako uyavumilie bila kuungua, na mtoto achovye mguu humo dakika 30 hadi 90. Kila yakipoa ongeza. Pima kwa mkono wako mwenyewe, maana mguu wenye maumivu hausikii moto. Mwiba uliozama usichokonolewe kwa pini, mpelekeni mtoto hospitali. Kumzoesha mtoto kuburuza miguu mchangani badala ya kuinyanyua kunamfanya taa akimbie kabla hajakanyagwa.

Boti ya kurudi iwe saa 8 na nusu, saa 9 ikizidi. Mchana upepo huwa umepanda, boti za mwisho hugombaniwa, na barabara ya Bagamoyo Jumapili jioni haina huruma. Boti ikiwa imejaa kuliko majaketi, subirini nyingine. Hesabu vichwa mara mbili: kabla ya kupanda na baada ya kukaa. Makombe, konokono na matumbawe yabaki kisiwani, kwani kuchukua kitu kwenye hifadhi ni kosa kisheria, na mfuko wa mtoto wa miaka 7 ukaguliwe kwa upole kabla ya kuondoka.

Siku za bamvua zina mchezo wake

Usizitupe. Maji yanapopwa saa 4 asubuhi, mwamba wa Coco Beach na wa Kigamboni unabaki wazi, wenye vidimbwi vilivyojaa viumbe. Hakuna kiingilio, hakuna boti. Chuchumaa na mtoto kando ya kidimbwi kimoja kisichozidi upana wa sinia, mkae kimya dakika 5 bila kuingiza mkono. Kwanza maji yanaonekana matupu. Kisha jiwe moja dogo linatembea: ni kaa aliyevaa gamba la konokono. Visamaki virefu kama kidole vinachomoza kwenye ufa. Kiti cha pweza, mnyama mwenye umbo la nyota, aliyekuwa amejibandika ubavuni ananyanyua ncha ya mkono mmoja. Jongoo bahari amelala mchangani kama bomba lililosahauliwa. Mtoto asiyeweza kutulia darasani anaweza kukaa hapo nusu saa.

Mpe sheria mbili. Kila jiwe lililogeuzwa lirudishwe kama lilivyokuwa, kwa sababu viumbe wa chini yake hufa wakipigwa jua. Na asiokote konokono mwenye umbo la pia, mpana juu na mwembamba chini, hata awe na madoa mazuri kiasi gani. Wa jamii hiyo wana mwiba wenye sumu kali.

Halafu saa. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo tu, kama sehemu 1 kati ya 12 ya safari yake yote. Saa ya pili sehemu 2. Saa ya tatu na ya nne sehemu 3 kila moja. Bamvua ya mita 3 maana yake ni sentimita 75 ndani ya saa moja, yaani kutoka nyayo hadi kifua cha mtoto wa miaka 5, na kwa kawaida maji hutangulia kuzunguka nyuma yenu kwenye mifereji ya mwamba kabla ya kuwafikia mlipo. Ingieni saa 3, tokeni saa 5. Iwekee simu kengele.

Bahari ikikataa

Kaole, kilomita 5 kutoka mjini Bagamoyo, ndiyo safari ya nchi kavu ninayoiweka ya kwanza. Kutoka Dar ni mwendo wa kama kilomita 65 hadi 70, na magari ya abiria yanapatikana stendi ya Makumbusho. Kuna magofu ya misikiti miwili, mkongwe zaidi ukidhaniwa kuwa wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, na mbuyu mkongwe ambao wenyeji husimulia kwamba kuuzunguka huongeza umri. Watoto watauzunguka hadi wachoke. Fikeni saa 3 asubuhi, maana kivuli ni cha mbuyu tu. Kabla ya kuingia waambie kuwa hapo wamezikwa watu, na makaburi hayapandwi. Mjini Bagamoyo, mtoto wa miaka 6 anaweza kuambiwa kwa sentensi mbili kwamba watu walitekwa, wakatembezwa kutoka bara na kuuzwa hapa. Wa miaka 10 anaweza kuingia makumbusho ya Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868, na kuuliza maswali yake. Usimfiche, wala usimtishe kwa minyororo.

Kwa nusu siku, Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama kina msonge wa Wahaya na tembe ya Wagogo ambazo mtoto anaingia kwa kuinama. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ni ya siku ya mvua: muonyeshe habari za fuvu la Zinjanthropus lililogunduliwa na Mary Leakey bonde la Olduvai mwaka 1959, kisha magari ya zamani ya viongozi. Saa 1 na nusu inatosha. Ukimalizia na pantoni ya Kigamboni, kwenda na kurudi, wenye miaka 4 watakuambia hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe.

Treni ya SGR hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ni safari ambayo kupanda ndiyo burudani. Nauli iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000 kwa mkubwa na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Treni hufikia kilomita 160 kwa saa na hutumia kama saa 2. Ukipata nafasi ya kuchagua, kaeni kushoto mnapokwenda, kwa kuwa milima ya Uluguru iko upande huo. Wanaosubiri mahandaki waambiwe mapema kwamba yako mbele ya Morogoro, upande wa Kilosa. Kituo kiko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo tenga nauli ya bajaji na muda wake. Panda treni ya asubuhi, mkae kando ya mto na mawe ya Rock Garden chini ya Uluguru hadi saa 8, msijaribu kupanda hadi Morningside kule mlimani na watoto wadogo kwa siku moja. Tiketi ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda, viti vikiwa vimepangwa jirani, ili msije mkatenganishwa behewa na mtoto aliyekwisha sinzia.